Vitabu kwanza au maswali kwanza? Kujiandaa na Sehemu ya Kwanza ya MRCOG

Daktari akishaamua kufanya Sehemu ya Kwanza ya MRCOG, mtihani wa uanachama wa Chuo cha Kifalme cha Uingereza cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, wenzake waliotangulia humpa ushauri wa aina mbili, na kila upande hushikilia wa kwake kwa nguvu. Kuna wanaomwambia asome vitabu vya sayansi za msingi mwanzo hadi mwisho, ndipo aguse maswali. Kuna wanaomwambia aachane na vitabu, alipie benki ya maswali, ayafanye kwa maelfu mpaka ayazoee. Pande zote mbili zina watu waliofaulu wa kuwatolea mfano, kwa hiyo mgeni hubaki njia panda huku ada imeshalipwa na siku zinakwenda.

Nimekaa na madaktari vijana wengi wakijiandaa na mtihani huu, na naona mjadala huo unaanza vibaya kwa sababu unauliza msomaji ni mtu wa aina gani. Swali lenye faida ni mada iliyo mbele yake ni ya aina gani. Zipo mada zinazokubali kufundishwa na maswali, zipo zisizokubali hata kidogo, na ipo moja ambayo haifundishwi na kitabu wala benki. Mtu na hali yake huamua aanzie wapi na atumie muda kiasi gani. Mada ndiyo huamua aitumie njia ipi.

Mtihani wenyewe unadai nini

Sehemu ya Kwanza hutolewa mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, na hufanywa kwenye kompyuta. Ina karatasi mbili, kila moja maswali 100, na kila moja hupewa saa mbili na nusu. Piga hesabu: ni sekunde 90 kwa swali, na humo ndani usome maelezo, upime chaguo zote tano, ubakize na nafasi ya kurudi kwenye yale uliyoyaruka. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kujinyima. Alama ya kufaulu nayo hupangwa kulingana na ugumu wa maswali ya awamu husika. Ukisikia mtu anakutajia namba ya kulenga, hiyo ilikuwa ya awamu yake.

Mtindo ni wa jibu moja bora. Maana yake chaguo mbili au tatu zinaweza kuwa na ukweli ndani yake, na wewe unatakiwa kutambua ile inayolingana zaidi na mgonjwa aliyeelezwa. Huo ni ustadi tofauti na ule wa kujua kama sentensi ni kweli au si kweli, ambao ndio mtihani huu uliutumia kwa miaka mingi. Ukirithi daftari la maswali la mtu aliyefanya zamani, likague kwanza kwa jicho hilo. Yaliyomo yanaweza kuwa sahihi kabisa huku zoezi lenyewe likikufundisha mchezo mwingine.

Mada ni nyingi: anatomia, embriolojia, fiziolojia, homoni, baiokemia, jenetiki, kinga ya mwili, mikrobiolojia, patholojia, famakolojia, biofizikia, takwimu na epidemiolojia, pamoja na misingi ya tiba yenyewe. Sharti la kuufanya ni shahada ya udaktari. Hudaiwi uzoefu wa wodi ya wazazi. Kwa hiyo anayetoka chuoni sasa hivi na aliyezalisha akina mama kwa miaka kumi hukaa chumba kimoja, na mara nyingi yule wa kwanza ndiye anayeyakumbuka vizuri mambo yanayoulizwa.

Pale kitabu kinaposhinda

Nitachukua swali moja nilifungue lote, kwa sababu linaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote ya jumla.

Msichana wa miaka 17 analetwa kwa sababu hajavunja ungo. Matiti yamekua vizuri. Nywele za sehemu za siri ni chache mno. Uke ni mfupi na umefungika mwishoni, na kipimo cha mawimbi ya sauti hakioni uterasi. Kromosomu zake ni zipi?

Aliyejifunza kwa benki peke yake ameshalikuta swali hili au ndugu yake, na atajibu 46,XY, mwili usioitikia androjeni, yaani homoni za kiume. Atapata alama. Aliyesoma sura ya embriolojia na kuielewa atajibu vivyo hivyo, ila kichwani mwake kumepita mnyororo mzima. Kijusi huanza na jozi mbili za mirija, ya Wolff na ya Müller. Kikiwa na kromosomu Y, jeni la SRY huelekeza tezi za uzazi ziwe korodani. Seli za Sertoli ndani ya korodani hutoa homoni ya AMH, ambayo huifuta mirija ya Müller. Seli za Leydig hutoa testosteroni, ambayo huitunza mirija ya Wolff, na ikigeuzwa kuwa dihidrotestosteroni hujenga viungo vya nje vya kiume. Msichana wetu ana Y, korodani anazo, AMH ilifanya kazi yake, ndiyo maana hakuna uterasi wala mirija ya falopio wala sehemu ya juu ya uke. Testosteroni ipo tele lakini vipokezi haviitikii, kwa hiyo viungo vya nje vikawa vya kike, na nywele zinazotegemea androjeni hazikuota. Sehemu ya testosteroni hiyo hugeuzwa kuwa estrojeni, na estrojeni ndiyo iliyokuza matiti.

Sasa badilisha kitu kimoja kimoja. Matiti yamekua, nywele ni za kawaida, uterasi haipo. Nywele za kawaida zinakuambia mwili unaitikia androjeni, kwa hiyo hesabu ya mwanzo imekufa. Huyu ni 46,XX, ovari zake zinafanya kazi, na tatizo ni mirija ya Müller iliyoshindwa kukua, yaani hali ya Mayer-Rokitansky-Küster-Hauser. Na kwa kuwa mirija hiyo hukua ikiwa jirani na mfumo wa mkojo, utataka kuzikagua figo zake. Badilisha tena: ni mfupi, matiti hayajakua, uterasi ndogo ipo. Hakuna Y, kwa hiyo hakuna AMH, kwa hiyo uterasi ilijengeka. Ovari zimebaki michirizi tu, kwa hiyo hakuna estrojeni ya kukuza matiti. Huyo ni Turner, 45,X. Mara ya mwisho: kromosomu ni 46,XY, lakini uterasi ipo. Aliyekariri hukwama hapa, maana kwenye kumbukumbu yake XY na kukosa uterasi vimefungwa pamoja. Aliyeelewa atajiuliza AMH ilikwenda wapi, na jibu litamjia lenyewe: korodani hazikuumbika vizuri tangu mwanzo, hivyo AMH haikutoka.

Kurasa chache za kitabu zimekupa maswali manne, likiwemo moja ambalo huenda hukulikuta katika benki yoyote. Hii ndiyo sababu sikubali mtu aniambie vitabu vimepitwa na wakati.

Fiziolojia ya ujauzito iko hivyo hivyo. Ujazo wa plasma hupanda kwa karibu nusu, seli nyekundu nazo huongezeka lakini kwa kiwango kidogo zaidi, kwa hiyo himoglobini hushuka bila ugonjwa wowote. Projesteroni humfanya mama avute pumzi nzito zaidi, kabonidioksidi ya damu hushuka, na figo hufidia kwa kutoa bikaboneti. Uchujaji wa figo huongezeka kwa karibu nusu, kwa hiyo kreatinini ambayo ungeiita ya kawaida kwa mwanamke asiye mjamzito inaweza kuwa dalili mbaya kwa mjamzito. Mtu akitaka kukariri haya kama orodha ya vitu vinavyopanda na vinavyoshuka, ataichanganya siku ya mtihani. Akijua kwa nini kila kimoja kimehama, ataijenga orodha upya akiwa kwenye kiti.

Anatomia huwekwa kundi hili pia, ila kusoma tu hakutoshi. Chora. Chora ateri ya uterasi ikivuka juu ya ureta, takribani sentimita 2 pembeni mwa shingo ya kizazi, na hutauliza tena kwa nini ureta hukatwa wakati wa kuondoa kizazi. Chora vena ya ovari ya kulia ikiingia moja kwa moja kwenye vena kava ya chini, na ya kushoto ikipitia vena ya figo. Chora neva ya pudenda, inayotoka S2 hadi S4, ikitoka nyonga kupitia tundu kubwa la siatiki, ikizunguka mwiba wa iskiamu na kurudi kupitia tundu dogo. Mchoro uwe mbaya kiasi chochote. Kinachotakiwa ni mkono wako uwe umepita njia hiyo bila kuangalia kitabu.

Udhaifu wa vitabu unajulikana. Havikuambii kipi kina uzito katika mtihani. Sura ya baiokemia inaweza kukula wiki mbili ikakurudishia maswali machache. Na kuna usingizi fulani wa kusoma: ukurasa unapita, kalamu ya rangi inapita, kila kitu kinaonekana kinaeleweka, na kesho yake hujui hata ulisoma nini. Anayechagua vitabu kwanza bila kujipima kila wiki huufikia mwezi wa mwisho akiwa amemaliza kitabu na hajui amebakiwa na nini.

Pale maswali yanaposhinda

Famakolojia ndiyo uwanja wao, na mikrobiolojia nyuma yake. Mada hizi zimejaa ukweli mdogo mdogo usiotokana na mwingine. Hakuna kanuni moja itakayokuongoza kutoka dawa hadi katazo lake. Unapaswa kuligonga mara kadhaa mpaka likae.

Tazama dawa za kubana uterasi. Kitabu kitakupa jedwali safi, na jedwali hilo litapita machoni kama maji. Maswali hukuletea mama anayevuja damu baada ya kujifungua, oksitosini haijatosha, na ana historia ya pumu: kaboprosti imetoka kwenye hesabu. Swali la pili lina mama yule yule, ila sasa ana shinikizo la damu: ergometrini imetoka. La tatu lina mama aliyepewa oksitosini nyingi pamoja na maji mengi ya mshipa, sasa anachanganyikiwa na kupata degedege. Tatizo ni sodiamu kushuka, kwa sababu oksitosini inafanana na vasopresini na inaweza kuzifanya figo zishike maji. Kwa dakika tano umejifunza vitu vitatu, na kila kimoja kimeshikamana na sura ya mgonjwa. Kitabu hakikupi hilo kwa haraka hivyo.

Faida nyingine ya maswali ni kwamba yanakuchorea ramani. Fanya maswali 100 yaliyochanganywa siku ya kwanza kabisa, kabla hujafungua kitabu chochote, kwa saa mbili na nusu kamili. Alama utakayopata haina maana yoyote. Chenye maana ni wapi ulikisia, wapi ulikosa huku ukiwa na uhakika, na wapi hukulielewa hata swali. Yale ya katikati ndiyo ya hatari zaidi, maana mtu haendi kusoma anachoamini anakijua.

Lakini benki ina mtego, na wengi hunaswa nao. Ukiizungukia mara ya pili alama zinapanda, ukiizungukia mara ya tatu unajisikia uko tayari. Kilichopanda huenda ni uzoefu wako na maneno ya swali, mpaka unalijibu kabla hujafika mwisho wa sentensi. Kuna njia ya kujikagua: funika chaguo zote, sema jibu kwa sauti pamoja na sababu yake, ndipo ufunue. Ukishindwa kutaja jibu bila kuziona chaguo, hiyo alama usiihesabu.

Kisha kuna kazi ambayo wachache huifanya na ambayo kwa maoni yangu inazidi maswali mia mapya. Ukishalijibu swali, zigeukie zile chaguo nne zilizobaki. Kila moja iulize: ningebadilisha nini kwa mgonjwa huyu ili wewe uwe jibu sahihi? Kama swali liliuliza kromosomu za yule msichana na chaguo mojawapo lilikuwa 45,X, andika sentensi moja ya mgonjwa anayestahili 45,X. Swali moja linazaa matano. Utafanya maswali machache kwa siku, na hilo lisikutishe.

Neno moja kuhusu yale makusanyo ya maswali yanayokumbukwa na watahiniwa na kusambazwa kwenye makundi ya simu. Kuyatoa nje ni kuvunja masharti ya mtihani. Na hata tukiliacha hilo, mtu aliyetoka kwenye karatasi ya maswali 100 hukumbuka nusu ya maelezo na kubuni nusu nyingine, halafu jibu huwekwa na mtu wa tatu ambaye hakuwepo. Nimeona madaktari wazuri wakiubishia ukweli wa kitabu kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo.

Takwimu: weka vyote kando, shika kalamu

Hii ndiyo ile mada moja. Madaktari wengi huiogopa, huiahirisha hadi wiki ya mwisho, kisha husoma fafanuzi na kuzisahau. Kusoma fafanuzi ya thamani tabiri ya jibu chanya, yaani uwezekano kwamba aliyepata jibu chanya kweli anaumwa, mara kumi hakusaidii kama kukokotoa mara moja kwa mkono wako.

Chukua wanawake 10,000. Ugonjwa uko kwa asilimia 1, yaani wanawake 100. Kipimo kinawanasa wagonjwa 90 kati ya kila 100, na kinawaachia huru wazima 95 kati ya kila 100. Chora kisanduku cha vyumba vinne. Wagonjwa walionaswa ni 90, waliokosewa ni 10. Wazima ni 9,900; asilimia 5 yao, yaani 495, watapewa jibu chanya kimakosa, na 9,405 watapewa jibu hasi sahihi. Sasa mama mmoja amepata jibu chanya na anakuuliza kama kweli anaumwa. Majibu chanya yote ni 585, ya kweli ni 90. Uwezekano wake ni asilimia 15 na kidogo.

Usibadilishe kipimo, badilisha watu. Peleka kipimo hicho hicho kwenye kliniki ambako ugonjwa uko kwa asilimia 10. Wagonjwa 1,000, walionaswa 900. Wazima 9,000, waliopewa jibu chanya kimakosa 450. Majibu chanya 1,350, ya kweli 900, na uwezekano umepanda hadi karibu asilimia 67. Unyeti wa kipimo (wagonjwa kinaowanasa) na umahususi wake (wazima kinaowaachia huru) havikuguswa. Aliyekokotoa hili mara tatu kwa namba tofauti hataangushwa na swali lolote la aina hiyo, na atafahamu pia kwa nini kipimo kinachosifiwa kliniki kinaweza kuwatia watu hofu bure kikipelekwa kwa umma mzima.

Fanya hivyo hivyo kwa hatari linganishi, kwa uwiano wa odds (odds ratio), na kwa idadi ya watu wa kutibiwa ili kumnusuru mmoja. Jioni mbili tatu zinatosha. Sioni mada nyingine inayolipa hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Biofizikia nayo huogopwa bila sababu. Ni mambo machache: mawimbi ya sauti ya masafa ya juu hutoa picha kali zaidi lakini hayafiki mbali, ndiyo maana kifaa cha kupitia ukeni hutumia masafa ya juu kuliko cha tumboni, jinsi Doppler inavyopima mwendo wa damu, mionzi gani huvunja kemia ya seli na ipi haivunji, na usalama wa umeme katika upasuaji. Soma mara moja, fanya maswali, songa mbele.

Kozi, wenzako, au peke yako

Kozi za kulipia hutofautiana sana, na kuna jambo moja la kuzipima: je, mwalimu anajibu maswali yako, au unatazama video tu? Video ni kitabu kinachosomwa na mtu mwingine, tena kwa mwendo wake. Kama kozi inakupa mtihani wa majaribio uliopimwa muda na mtu wa kukufafanulia ulipokosea, ina thamani. Kama inakupa slaidi tu, pesa hiyo ielekeze kwenye benki nzuri. Kwa mtu asiyeweza kujiwekea ratiba, kozi humfanyia kazi ya kumburuta, na hilo nalo si dogo.

Kundi la kujisomea likizidi watu wanne hugeuka baraza. Wawili ni bora, hasa mkigawana mada na kila mmoja akamfundisha mwenzake ile aliyopewa, bila daftari. Ukimweleza mwenzako mzunguko wa damu wa kijusi, kuanzia vena ya kitovu hadi tundu la ovali na mfereji kati ya ateri ya mapafu na aota, utagundua hapo hapo ulipokuwa hujui. Peke yako ungepita juu ya shimo hilo bila kuliona. Ila usiku wa maswali yaliyopimwa muda uwe wako peke yako, simu ikiwa chumba kingine.

Miezi mitatu au sita

Kwa hesabu tupu ni kitu kimoja: saa 7 kwa wiki kwa wiki 26 ni saa 182, na saa 14 kwa wiki kwa wiki 13 ni saa 182 vilevile. Kinachotofautiana ni namna vinavyoharibika. Miezi sita huharibiwa na kusahau: uliyosoma mwezi wa kwanza hayapo mwezi wa tano, isipokuwa kila wiki uwe unarudia maswali ya mada ulizoziacha nyuma. Miezi mitatu huharibiwa na zamu. Wiki moja ya zamu za usiku ikiingia katikati, na mwenzako akaugua ukazibeba na zake, umepoteza sehemu kubwa ya mpango na hakuna nafasi ya kuifidia.

Kwa hiyo angalia ratiba yako ya kazi kabla ya kuangalia kalenda ya mtihani. Mwenye zamu zisizotabirika achague mpango mrefu, apange saa chache, na marudio yawe sehemu ya kila wiki. Mwenye uwezo wa kuomba likizo karibu na mtihani anaweza kwenda na mfupi. Na saa za baada ya zamu ya usiku zisihesabiwe kama saa za kusoma. Kichwa kilichokesha kinafaa kufanya maswali mepesi ya marudio, hakifai kujifunza embriolojia kwa mara ya kwanza.

Basi uchague lipi

Ukiwa umemaliza chuo karibuni, sayansi za msingi bado zina moto. Anza na maswali, rudi kwenye kitabu pale tu unapokosa jambo la mnyororo: embriolojia, fiziolojia, homoni. Udhaifu wako utakuwa kwenye maswali yanayomhusu mgonjwa, kwa hiyo tumia muda wodini kwa macho. Mama akichomwa magnesiamu salfeti, uliza inafanya kazi vipi na kwa nini mnapima itikio la goti.

Ukiwa umefanya kazi kwa miaka, tiba unaijua na maswali ya kliniki yatakubembeleza kwa alama nzuri za mwanzo. Usizikubali. Anza na vitabu, wiki nne hadi sita za anatomia, embriolojia na fiziolojia, ukiwa na maswali machache kila jioni ya mada ile ile. Kisha geuza uwiano, maswali yatawale. Na kuwa mwangalifu na desturi za mahali unapofanyia kazi: mtihani unauliza sayansi na miongozo, na mkono wako unaweza kuwa umezoea kitu kingine.

Aliyefanya na kuanguka, mara nyingi huamua kuongeza kile kile alichofanya: maswali zaidi ya benki ile ile, au kukisoma kitabu kile kile upya. Fanya kinyume. Kama ulitegemea benki, iache kwa mwezi mzima, kaa na kitabu na karatasi ya kuchorea, kisha nunua benki nyingine, ambayo maneno yake hujayazoea. Kama ulitegemea vitabu, usivifungue tena isipokuwa swali limekutuma. Katika njia zote mbili, fanya karatasi mbili kamili kwa siku moja angalau mara moja kabla ya mtihani, kwa saa zile zile na mapumziko ya urefu ule ule, maana maswali 30 ya mwisho ya karatasi ya pili hujibiwa na mtu aliyechoka, na mtu huyo anahitaji kuwa amefanya mazoezi pia.